Sifuri Nukta Tano ya Alkhamisi

Mpendwa Bi Rahila wa safu ya ushauri, shikamoo. Naomba msaada wako, ingawa mtu kama mie kwa kawaida ndiye anayeombwa.

Kwanza unijue. Unguja hii, kutoka Bububu mpaka kwetu huku pande za Fumba, hajazaliwa mtu anayeyajua maji kunishinda, na mvua yenyewe ikitaka kunyesha hunipitia kwanza kuomba ruhusa. Skuli niliiacha kidato cha pili, au tuseme yenyewe iliniacha, lakini mafunzo ya maji ya wiki nzima mjini nilikaa kiti cha mbele, na cheti changu mama amekitundika juu ya tivii. Kijiji kizima kinaniita Enjinia.

Kazi yangu ni hii, kila asubuhi nawasha pampu ya kisima cha kijiji, natia dawa ya klorini kwenye tangi, kisha nakwenda mfereji wa mwisho, bomba lililo mbali kuliko yote, nakinga maji kwenye kichupa, natia kidonge, yakigeuka rangi ya waridi dawa imo na watu wanywe, yakibaki meupe dawa haimo na watu wasinywe, halafu naandika namba ya kiasi cha dawa kilichomo kwenye daftari la kamati ya maji. Sifuri nukta tano ndiyo namba yangu. Watoto huja kuangalia yanavyogeuka, wanadhani uganga, na mie siwakatazi kudhani. Sijaacha kupima hata siku moja, hata nilipokuwa na homa nilijikokota.

Sasa sikiliza. Bi Mwanapili, mpishi wetu wa shughuli, ambaye pilau yake inaitwa mpaka Kiembe Samaki, alikuwa na maulidi kwake siku ya Alkhamisi. Jumatatu akaniita penye foleni ya maji.

"Enjinia!"

"Naam, Bi."

"Mitungi yangu nnaifukiza udi, nataka wageni wanywe maji yanayonukia, si maji yanayonuka hospitali. Hebu iache hiyo dawa yako siku tatu."

"Dawa siachi, Bi. Nimekatazwa."

"Ala! Enjinia gani weye, anayeogopa siku tatu?"

Basi hapo nani angekubali kuitwa mwoga mbele ya wanawake na ndoo zao? Nikaacha. Na wallahi Jumanne kila niliyempita ananiambia leo maji matamu, na mie napokea sifa kama nimeyapika mwenyewe. Jumatano ikapiga mvua ya masika kutwa, na kisima chetu kimechimbwa kwenye mawe, mvua kubwa ikinyesha uchafu wa juu unashuka nayo. Alkhamisi nikaandika sifuri nukta tano kama kawaida, maana maji yalikuwa yanang'ara kama kioo, nani angejua? Alasiri watu wakasoma maulidi, wakala, wakanywa, wakaisifu mitungi.

Ijumaa msikiti ulikuwa nusu. Watu kumi na tisa wanaharisha na kutapika, na Thuwaiba, mjukuu wa Bi Mwanapili, wa miaka sita, akalazwa siku nne na dripu mkononi. Amerudi, alhamdulillahi, lakini ukimbeba ni kama umebeba nguo.

Ijumaa hiyohiyo nikatia dawa. Jumamosi akaja bwana afya, akapima maji, waridi, akafungua daftari langu, sifuri nukta tano wiki nzima, akasema maji hayana kosa, litakuwa kwenye chakula. Toka siku hiyo hakuna anayemwita Bi Mwanapili kupika, na wenye harusi ya Kiembe Samaki wameshatafuta mpishi mwengine. Na kinachonikera zaidi, yeye mwenyewe anakubali! Anasema labda nyama aliichelewesha nje. Anakaa mbele ya masufuria yake anamtazama mjukuu wake na kulia.

Nifanyeje jina lake lisafike bila ya langu kuchafuka? Na usisahau, yeye ndiye aliyeniambia niache dawa.

Enjinia, Fumba

*

Marahaba, Enjinia.

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, na nakushukuru kwa hilo. Mara ya pili sikucheka.

Unayoyaomba mawili hayaendi pamoja. Jina la Bi Mwanapili limechafuliwa na daftari lako, na litasafishwa na daftari hilohilo. Yeye alikwambia uache dawa, kweli. Yeye hakukaa mafunzo wiki nzima, hana cheti juu ya tivii, hajui mawe ya kisima yanapitisha nini. Wewe unajua. Alikuomba kama mtu anavyoomba pilipili ipunguzwe. Kazi ya kukataa ilikuwa yako, na uliyemwogopa si mgonjwa wala Mungu, ni wanawake wenye ndoo. Nakuonea huruma, maana sifa ni tamu na wewe bado kijana. Lakini kuna bibi anaamini amemtilia sumu mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe, na kila siku unayonyamaza unamwongezea imani hiyo.

Basi fanya hivi. Nenda kwake kwanza, leo, mchana, kabla hajasikia kwa mwengine. Mwambie maneno haya: si nyama yako, ni maji yangu. Usianze na "lakini wewe uliniambia". Kisha uende kwa mwenyekiti wa kamati ya maji na daftari mkononi. Usichane ukurasa. Piga mstari juu ya kila namba ya uongo, andika pembeni ilivyokuwa, tia saini, na bwana afya aletewe aone. Iombe kamati mtu wa pili asimame nawe kila asubuhi unapopima, naye atie saini yake. Wakikunyang'anya ufunguo wa pampu, utoe bila kununa.

Na mitungi isiachwe kufukizwa. Maji yenye dawa yachemshwe, yapoe, ndipo yatiwe mtungini. Harufu ya dawa itaondoka, udi utabaki, na mgeni atakunywa salama.

Limebaki moja. Umejisifu kwamba hujaacha kupima hata siku moja. Kisha unaniambia Alkhamisi nani angejua. Mwanangu, moja kati ya hayo ni uongo. Ulipima au hukupima? Usinijibu mimi kabla hujamjibu Bi Mwanapili.

*

Bi Rahila, shikamoo tena.

Nimekwenda. Bi Mwanapili alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso mpaka nilipomaliza. Hakunitukana. Aliniambia, "Rudia hapo pa nyama." Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Mwenyekiti ufunguo ameuchukua, daftari nimelipiga mistari, na Ijumaa baada ya sala limesomwa mbele ya watu, nikasimama. Jana watu wa harusi wametuma mtu kwa Bi Mwanapili.

Na lile swali lako nimemjibu yeye mwanzo, kama ulivyosema. Nilipima. Alkhamisi asubuhi, mfereji wa mwisho, kidonge nikakitia, nikatikisa, nikangoja. Yalibaki meupe. Nilikuwa na Thuwaiba, maana haachi kuja kuangalia. Akaniuliza, "Enjinia, mbona leo hayageuki?"

Nikamwambia, "Leo ni safi zaidi."

Akakinga viganja, akanywa.