Blanketi la Mama

Nimelikuta daftari langu la zamani chini ya sanduku la nyuzi. Ukurasa huu nauchapa hapa kama ulivyo, pamoja na hasira zake.

Jumapili, Julai 1989. Skuta, Nyeri. Ukungu tangu alfajiri, mlima haujaonekana wiki nzima.

Shajara yangu, leo nina kinyaa. Nimetafuta neno lingine la kistaarabu nimelikosa. Tangu nirudi kutoka kijijini jana nimeoga mara mbili, nimesugua mikono kwa limau, na bado nasikia harufu ya mafuta ya mbuzi. Najua si mikono inayonuka. Ni jana yenyewe.

Jana ilikuwa ruracio yangu, siku ya mahari. Nina miaka thelathini na miwili, na wasichana niliosoma nao tayari wana watoto wa kuwasaidia shambani. Mimi nilichelewa kwa sababu ya mashine zangu, na kwa sababu nilikuwa sijakutana na Kariuki. Watu wake walitoka Wang'uru asubuhi na mapema. Walileta magunia ya mchele, mbuzi, pombe ya asali, na blanketi la mama.

Hilo blanketi ndilo lililonikosesha raha.

Kwetu, watu wa mvulana humletea mama wa msichana blanketi. Humfunika nalo mabegani mbele ya watu wote, na wanawake hupiga vigelegele. Maana yake kila mtu anaijua: asante, ulimfunika mtoto huyu, sasa na sisi tunakufunika. Lao lilikuwa zito, la rangi ya kahawia, lenye mstari mwekundu ukingoni. Watu wa Wang'uru wanaishi kwenye joto, wanalala madirisha wazi, lakini walijua kwamba Nyeri kuna baridi. Yule aliyenilea hapa hapa Nyeri hakujua.

Mama yangu alikufa mwaka mmoja baada ya bendera ya uhuru kupandishwa. Nilikuwa na miaka saba, na baba alikuwa amemtangulia. Nikachukuliwa na baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, huko upande wa Tetu. Mke wake ninamwita Mama Gathoni, kwa jina la bintiye wa kwanza. Sijawahi kumwita mama tu. Ulimi umekataa.

Siku ya mazishi Mama Gathoni alikunja blanketi la mama yangu vizuri sana, akasema ananiwekea mpaka nikue. Wiki hiyo hiyo nililiona kitandani kwa Gathoni.

Mimi nilipewa jiko. Si nyumba kubwa, jiko, ile nyumba ya moshi iliyosimama peke yake nyuma, na mbuzi wawili wamefungwa pembeni. Nilitandika gunia la kahawa, nikajifunika gunia la kahawa. Miaka tisa! Nchi nzima inaimba uhuru, mimi nalala na mbuzi. Shuleni watoto walisogea mbali nami kwenye benchi kwa sababu ya harufu, na mwalimu akaniambia nikae karibu na mlango. Hata mimi nilijinusa nikajichukia. Nikimwambia Mama Gathoni nasikia baridi, jibu lake lilikuwa moja: "Funga mdomo. Baridi huingilia mdomoni."

Basi nikafunga mdomo.

Kama si Tata Wairimu sijui ningekuwa wapi. Tata ni shangazi kwa lugha yetu, ingawa yeye hakuwa ndugu. Alikuwa jirani, mjane asiye na mtoto, akifanya kazi ya kuchambua kahawa kwenye meza za kuanikia pale kiwandani. Kijijini mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye aliitwa Wairimu tu, hata na watoto wadogo. Jioni nikitoka mtoni na mtungi mgongoni, kamba imenikata utosini, aliniita kwake niote moto kidogo. Siku moja aliifumua sweta ya marehemu mumewe, uzi wote, akanoa spoku mbili za baiskeli kwenye jiwe, akanifundisha kufuma. Cha kwanza nilichofuma kilikuwa soksi moja. Uzi wa jozi haukutosha kwa sababu uliobaki alinifumia sweta. Sweta hiyo niliivaa mpaka mikono ikafika kwenye viwiko.

Spoku zile ninazo. Zimetundikwa ukutani hapa dukani kwangu, juu ya mashine ya kwanza. Leo mashine ni nne, na wanawake sita wanafuma sweta za shule zilizoko Othaya mpaka Karatina. Walimu wakuu wananingojea kwenye benchi. Mjini hapa naitwa Madam, na mteja akileta maneno ya ujinga namjibu mpaka anasahau alichokuja kununua.

Lakini nikivuka tu lile lango la Mama Gathoni, nina miaka saba.

Hapa niseme ukweli, maana nisipousema kwako nitausema wapi. Mwezi uliopita baba mdogo alinitumia ujumbe kwamba Mama Gathoni ndiye atakayekaa kiti cha mama na kupokea blanketi. Nikasema sawa. Hakuna aliyenishika shingo. Tena nilimnunulia gauni la siku hiyo, na kitambaa cha kichwa, na nikamfumia sweta ya rangi ya damu ya mzee kwa mikono yangu mwenyewe. Aliyeninyima blanketi nimemfumia sweta! Ptuu. Nilijiambia ni heshima. Heshima gani? Ilikuwa woga, tena ule wa kulamba mkono unaokupiga.

Jana, jua halijatoka vizuri, Tata Wairimu alikuwa ameshafika. Si wa ukoo, kwa hiyo hakuwa na kiti. Akaenda jikoni moja kwa moja, akaketi kumenya viazi. Nikachungulia. Alikuwa ameketi mahali pale pale nilipokuwa nikitandika gunia langu.

Uani, Mama Gathoni aliketi mbele kama malkia. Nyama ilikuwa imeshaliwa na mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alipoletewa blanketi hakunawa. Alilipapasa kwa vidole hivyo hivyo, akalifinya, akalinusa, akasema, "Hii blanketi ni nyepesi, ati. Huku kwetu kuna baridi."

Huku kwetu kuna baridi!

Mama yake Kariuki, mwanamke mtulivu wa maneno machache, akamfunika. Vigelegele. Mama Gathoni akasimama kutoa hotuba. Alisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Alisema mtoto huyu hakuwahi kukosa kitu chochote katika boma lake. Alipangusa jicho ambalo halikuwa na chozi, kwa ukingo wa blanketi.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi. Mikono yangu, hii hii ninayoisugua kwa limau, ilipiga makofi.

Halafu ikafika pombe. Siku ya ruracio watu huongea juu yako kutwa nzima, wakipanga na kubishana, na wewe uko kimya. Ila kuna mahali pamoja tu ambapo ni lazima uulizwe. Pombe ya watu wa mvulana haiguswi mpaka msichana mwenyewe aseme inywewe. Hata waliookoka, ambao wamewekewa uji, hungoja neno hilo. Ukikataa, wageni hubeba vyao wakarudi kwao.

Baba mdogo alijaza pembe ya kunywea, akasimama. "Wanjiku, hawa watu wanasema wanajulikana na wewe. Tuwanywee hii kitu yao ama tuwarudishie?"

Nikanyamaza. Watu wakacheka, wakasema ana haya, msichana mwenye adabu. Akauliza mara ya pili. Nikanyamaza tena, na wakacheka tena.

Nikainua macho nikamwona Tata Wairimu kwenye mlango wa jiko. Alikuwa ametoka kusikia jibu langu. Mikono imelowa, ganda la kiazi limemganda kwenye kidole gumba, na anatabasamu kama mtu aliyeshinda kitu. Hakuwa akiliangalia blanketi kabisa. Alikuwa akiniangalia mimi.

Mara ya tatu nilisema, "Bado."

Kicheko kikakatika. Kariuki aliniangalia, rangi imemtoka. Maskini, alidhani ni yeye. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka na baridi imeshaingia, ikiwa ni kuingia.

"Blanketi la mama halijafika kwa mwenyewe. Mwenyewe yuko jikoni anamenya viazi."

Mama Gathoni aliruka. "Umerogwa? Mimi nilikulisha!"

"Ulinilisha, ni kweli. Kwa chakula nakushukuru. Lakini hili ni blanketi." Nikawaambia wageni nililala wapi, na juu ya nini, na kwa miaka mingapi.

"Mwongo!" akasema. "Ati gunia! Nani aliona?"

Baba mdogo ameshika pembe, pombe inamwagikia kiatu. Nilidhani nimekwisha, kwamba watu wa Wang'uru wataondoka na mchele wao, na mwanaume wa watu nimempoteza kwa sababu ya mdomo.

Aliyesimama ni Gathoni. Gathoni ambaye tangu utotoni hatujawahi kuzungumza maneno kumi ya maana. Alisema bila kumtazama mama yake: "Mimi niliona. Blanketi ya mama yake ni mimi nililala nayo."

Halafu akakaa.

Basi mama yake Kariuki akainuka. Hakuuliza mtu. Akalishika blanketi begani, Mama Gathoni akalishikilia, wakavutana kidogo mbele ya wazee, aibu tupu, mpaka likaachiliwa. Msemaji wao, mjomba wa Kariuki, mzee mwenye mzaha, akakohoa akasema kwamba wao walitumwa kutafuta msichana mwenye macho na meno, wala hawakujua kama watapata na mwenye mdomo, na kwamba hiyo ni nyongeza. Wazee wawili wakacheka. Baba mdogo hakucheka.

Wazee wetu walinong'onezana, wakanitoza faini ya kondoo dume mmoja kwa kumwaibisha mwenye boma. Nitamtoa, tena mnono.

Tukalipeleka jikoni, na Tata Wairimu akaficha mikono nyuma. "Wacheni, mimi niko na uchafu," akasema. Mama yake Kariuki akamfunika hivyo hivyo, na vigelegele vikapigwa, vichache mwanzoni. Tata akasimama na blanketi lake kwa muda. Kisha akalivua, akanifunika mimi.

"Siku zile mimi nilikuwa na langu," akasema. "Mwenye hakuwa nalo ni wewe."

Nililia, sifichi. Nililia kwa sauti kama mtoto wa miaka saba, mbele ya wakwe. Halafu nikatoka nje nimejifunika, nikamwambia baba mdogo, "Sasa kunyweni." Wakanywa.

Ungedhani leo nina furaha. Ninayo, kidogo, kwa upande wa Kariuki, ambaye alinishika mkono wakati wa kuagana na kusema hatawahi kuniuliza swali mara tatu. Lakini kinyaa hakijatoka. Mama Gathoni simfikirii sana. Yeye alikuwa yeye, jana kama juzi. Ninayemfikiria ni Madam mwenye mashine nne aliyekaa pale akapiga makofi. Miaka yote hii nimejidanganya kwamba kufanikiwa ni kupona. Kumbe nilipata duka, nikapata jina, na mdomo nikauacha kule jikoni chini ya gunia. Kama desturi isingewalazimisha kuniuliza, ningesema? Sijui. Hilo ndilo linalonichefua.

Baba mdogo hakuniaga. Gathoni alinisindikiza mpaka barabarani bila kusema neno, akanipa kikapu cha mayai. Sijui nimwambie nini. Labda nitamfumia kitu, yeye anastahili.

Tata Wairimu nimekuja naye hapa Skuta. Yuko karibu na jiko la makaa, amejifunika blanketi lake, anaikosoa kazi ya mashine zangu, ati mishono imelegea. Ana haki. Nimelitazama lile blanketi mchana huu kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye ukingo, karibu na mstari mwekundu, kuna alama za mafuta, vidole vitano vyote.

Kesho tutalifua, mimi na yeye, hata kama jua halitatoka. Sabuni ya mche nimeshanunua. Na lile doa likikataa kutoka, nitaukata ukingo huo wote na kufuma mwingine. Spoku ziko ukutani.