Kipande cha Odowa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Migori. Sijalala tena. Kiungulia kimepandisha asidi mpaka puani, nikakaa kitandani na mito mgongoni kama mgeni anayesubiri gari. Mchana sikumaliza hata sare moja ya shule. Nikiinamia cherehani tu, moto unapanda kooni. Baba Austine anasema nivumilie, tembe zitafanya kazi. Miaka yote hii nimevumilia! Avumilie yeye.

Alhamisi, 5 Juni

Homa Bay, kuchukua majibu ya kamera waliyonishushia kooni. Daktari Nyakundi anasema ngozi ya ndani, pale chini ya koo, imeanza kubadilika. Si saratani. Bado. Hilo "bado" limenikaa kifuani tangu atamke.

Mlango wa tumbo langu umelegea. Naweza kuendelea na tembe na kupimwa kwa kamera kila mara, ama nifanyiwe oparesheni: achukue sehemu ya juu ya tumbo, aizungushie umio, ile njia ya chakula, aishone hapo ibane. Kwa matundu madogo, hatapasua tumbo lote. Kuna kuzungushia kote na kuna nusu. Kwangu anapendelea nusu, chakula kisije kikakwama. Nikauliza kama nitaweza kutapika. Huenda nisiweze, akasema, hata kucheua kutakuwa kazi.

Mimi ni fundi wa nguo. Gauni likibana, nalifumua. Hili nani atalifumua?

Daktari haji hapa kila wiki. Ni Jumatano ijayo ama ningoje Septemba. Nikasema sawa, Jumatano. Sauti haikuwa yangu.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani wameniombea mpaka nikaogopa zaidi. Mama mmoja alilia kana kwamba niko ndani ya jeneza. Haki!

Jumanne, 10 Juni

Wodini. Dada yangu Risper amekuja kutoka Asumbi kukaa na mimi. Daktari wa usingizi amepita. Kuanzia saa sita usiku nisile, nisinywe. Nikauliza kwa nini. Akasema mtu akiwa amelazwa na dawa, kilicho tumboni kinaweza kupanda kikaingia mapafuni, na mimi mlango wangu tayari uko wazi. Mengine aliyosema sikuyasikia.

Naogopa. Hakuna neno lingine. Naogopa.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya nini, jamani!

Moto ulipanda kabla hakujapambazuka vizuri. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, kama unavyoingia kila siku nikiwa kwa cherehani. Odowa — lile jiwe laini la udongo, la sokoni. Nilianza kulitafuna nikiwa na mimba ya Austine na sijawahi kuacha, maana linanitulizia kiungulia. Nikavunja, nikatafuna, nikameza. Sikufikiria kabisa. Ni Risper alipoamka akanitazama mdomo ndipo nikakumbuka nilivyokatazwa.

Nikamwambia tumwite nesi. Amekataa. Nani alishawahi kushiba odowa, anasema. Hicho si chakula.

"Ukisema, wanakurudisha nyumbani mpaka Septemba. Na koo lako je? Nyamaza, nyamera."

Ananiita nyamera, dada yangu, kama alivyoniita siku mama yetu alipokufa. Naye anaogopa, namwona.

Septemba. Lile "bado" linaweza kwisha kabla ya hapo. Na nikinyamaza? Nitalala na udongo tumboni, upande hadi mapafuni, na nisiamke. Austine ataambiwa mama yake aliuawa na nini? Jiwe la sokoni?

Nesi ameanza kupita vitandani. Yuko kwa mama wa jirani, anamuuliza kama amekula chochote tangu jana. Mama anasema hapana, hata maji.

Nimejipangusa midomo na leso. Imebaki na unga mweupe. Risper ameivuta haraka, anaikunja, unga kwa ndani.

Nimemnyang'anya. Nimeitandaza magotini, wazi. Nesi anageuka huku—