Mwenyekiti Kachemsha Bakteria

Tasnim shoga, leo umekosa!

Si unamjua Gharibu, mwenyekiti wetu wa mabwawa, yule mjuzi wa kila kitu? Bwana samaki, yule afisa wa ufugaji, kaja kuuliza mbona perege hawakui, na alishatugawia unga wa bakteria wazuri tuchanganye na mashudu ya ufuta, samaki wasage chakula vizuri tumboni.

Gharibu kasimama, kifua mbele: "Tunachanganya, kisha tunachemsha. Nilishe samaki vijidudu vibichi, mimi?"

Tunachemsha! 😂😂

Bwana samaki hoi: "Mzee, hao vijidudu ndio dawa yenyewe. Umewaua."

"Wote?"

Eti wote!! 😂

Nimecheka mpaka nimeshika ukuta. Halafu nikakumbuka sufuria yangu ya mashudu na unga ule ule nimeiacha mekoni, inatokota.