Picha Iliyobaki

Jumanne, Majimbo

Nilidhani hakuna anayejua kwamba leo nimetimiza miaka kumi na saba. Mukami, mwenzangu wa deski, alijua. Akanimwagia ndoo nzima ya maji, kama tunavyofanyiana shuleni siku za kuzaliwa. "Oga, mzee," akasema. Michoro yangu yote ilikuwa kwenye begi mgongoni.

Picha za rangi ambazo wenzangu huniagiza, nami nashindwa kukataa, zimechuruzika na kuharibika zote. Imebaki ya cucu tu, nyanya yangu, niliyoichora kwa penseli.

Nilingoja machozi yaje. Badala yake nikajihisi mwepesi.

Mwaka huu nataka penseli tu, na kuchora ninaowapenda. Lakini Mukami akiagiza tena...

Nimejaribu kusema "hapana" mbele ya kioo. Cucu akauliza kutoka jikoni, "Unamkatalia nani huko?"

"Bado hajaniomba, cucu."