Ndago, Bomba la Mgongoni na Kisima cha Mama Leonia

Jumapili, Septemba inaishia. Joto, na moshi wa mashamba yanayochomwa umelala juu ya ziwa. Milima ya Kongo leo haionekani kabisa.

Afadhali. Sikutaka hata milima inione.

Naandika nikiwa nimekalia mito miwili, miguu nimeinyoosha mbele kama mtoto anayesubiri uji. Magoti yamegoma. Kiuno nacho kimegoma kwa kuyaunga mkono. Lakini si maumivu yaliyonileta hapa. Nimekuja kuungama.

Mimi ni karani wa masjala, miaka hamsini na moja, nimehamishiwa Kigoma kutoka Njombe mwaka jana. Mwezi wa saba Mama Leonia, jirani yetu hapa Bangwe, alinigawia kipande cha shamba lake nilime mboga. Ni mjane, wazazi wake walimvusha kutoka Burundi akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakutaka kodi. Alitaka jambo moja tu: nisipulizie dawa ya magugu. Shamba lina mteremko, na chini ya mteremko kuna kisima anachokunywa yeye, wajukuu zake na nusu ya mtaa.

“Hilo tu, Mama?” nikamwuliza, nikacheka.

Nilicheka kwa sababu nilikuwa sijakutana na ndago.

Ndago ukiitazama haitishi. Majani membamba, ya kijani, yana adabu kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Nikaiingia kwa jembe. Nikakatakata, nikasawazisha kwa reki, nikapiga picha na kumtumia kaka yangu Njombe: “Tazama shamba la mtu msafi.” Wiki mbili baadaye kila kipande nilichokata kilikuwa kimeota. Mchicha wangu ulisimama katikati yake kama mgeni aliyekosea harusi. Nikarudia jembe, kwa hasira zaidi. Nikatandaza nyasi kavu. Kishona nguo, gugu jingine, kikafia chini yake, nashukuru, lakini ndago ilizitoboa nyasi kama sindano.

Sikupiga picha tena.

Juzijuzi Mama Leonia akaja, akatazama, akasema kwa upole wake ule unaouma: “Ndago zako zimeanza kushuka kunisalimia, mwanangu.” Kweli, zilikuwa zimefika kwenye matuta yake. Akaniambia wenzake wa kwaya wamemwomba ardhi. Atangoja mpaka mvua ya kwanza. Ikinyesha shamba likiwa bado hivi, atawapa wao.

Sasa nifike penyewe. Ijumaa nilinunua chupa ya dawa ya magugu sokoni Mwanga. Nikaazima bomba la mgongoni kwa mwenzangu wa ofisini anayelima nyanya. Jana nikampelekea Mama salamu kwamba naumwa, asinitarajie shambani. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana: Jumapili asubuhi Mama yuko kanisani, mimi napulizia, kwaya ikimaliza wimbo wa tatu niko nyumbani nakunywa chai.

Mke wangu aliniona natoka. “Baba Neema, mgonjwa gani huyo anayebeba mzigo?”

Nikakohoa kidogo.

Nikafika. Mama Leonia alikuwa ameketi juu ya gunia katikati ya shamba langu, kisu mkononi, anapalilia.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Mana yanje, Mungu wangu, umeamka! Nimesali misa ya kwanza nipate kukusaidia. Nikasema, mtu anaumwa, na ndago haimngojei.”

Nilitamani ardhi inimeze, ila najua ndago ingenitoboa hukohuko.

“Na hilo mgongoni?” akauliza.

“La kumwagilia, Mama.”

Jibu lilitoka lenyewe. Sikuhitaji hata kufikiri, na hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa. Uso wake ukafurahi. “Basi Mungu amekuleta. Chota kisimani, uyanyweshe matuta haya niliyopalilia kabla jua halijapanda.”

Nikashuka kisimani. Kile kisima hakina ukuta. Ni mawe tu yaliyopangwa, na kila tone linalomwagika hurudi humohumo. Nikafungua mfuniko wa bomba. Harufu ya dawa za msimu mzima ikanipanda puani. Chupa yangu ilikuwa mfukoni, inanigonga paja. Nikashika kamba ya ndoo.

Nikaiachia.

Nikapanda tena na bomba tupu, nikalitua mbele yake, nikaweka na chupa. “Mama, siumwi. Na hili si la maji.”

Alitazama chupa. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye chupa.

“Umechota?”

“Sijachota.”

“Hata tone?”

“Hata tone, Mama.”

Akashusha pumzi. “Basi kisima ni kizima.” Akafuta kisu kwenye gunia. “Na mimi nimeiacha kwaya yangu kwa ajili ya afya yako.”

Angenitukana ningepona haraka. Badala yake akasogea ukingoni mwa gunia, akapiga kando yake kwa kiganja. “Kaa.”

Nikakaa. Hilo peke yake lilichukua muda.

Akanipa kisu. “Usikate. Fuata.” Unachimba pembeni ya jani mpaka unakuta kauzi kembamba, unakafuata taratibu, unakuta kokwa. Kauzi kanaendelea, unakuta kokwa nyingine, na nyingine, kama tasbihi iliyozikwa. Zote zinaingia kwenye kopo, hakuna inayobaki. “Wewe na jembe lako mlikuwa hamuui,” akasema. “Mlikuwa mnapanda.” Tukisafisha, ataniletea marando ya viazi vitamu yafunike udongo, maana ndago haipendi kivuli. Na kila wiki nirudi, niing’oe ingali changa, kabla haijatia kokwa mpya.

Baadaye nikajikaza kuuliza. “Na shamba, Mama?”

“Mpaka mvua ya kwanza. Nilisema hivyo.”

Hakuongeza wala kupunguza. Nilidhani ningesamehewa kwa kuungama, kumbe nimebakiziwa kazi ileile.

Bomba nimelirudisha kwa mwenyewe. Chupa haijafunguliwa, kesho jioni nitaipeleka dukani Mwanga, na muuza duka anicheke anavyotaka. Kokwa za leo zinakauka juu ya bati. Mke wangu amezitazama, akanitazama nilivyokaa, akasema, “Leo ndiyo unaumwa kweli.” Ameniwekea migebuka, samaki wa huku, na ugali karibu, nisilazimike kuinuka.

Kutoka juu ya kipande changu hadi chini ni hatua ishirini na sita. Leo tumesafisha mbili, na moja na nusu ni za Mama. Natazama ziwani, mawingu ya mvua bado hayajaja.

Alfajiri, kabla ya ofisi, nitakuwa pale na kisu na gunia langu mwenyewe. La Mama ni dogo kwa watu wawili, hasa mmoja wao akiwa mimi.