Samaki wa Juu ya Beseni

Jumanne, Nchelenge. Joto la kabla ya mvua. Ziwa Mweru limetulia, halina hata wimbi la kulowesha mguu. Mgongo unauma upande wa kushoto, ule ninaobebea barafu.

Jina langu bado halijaandikwa kwa mtihani, na kesho mchana majina yanaondoka. Nasema hilo kwanza ili nisilizunguke.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Manono, Kongo. Nabeba barafu na mabeseni ya samaki kati ya boti na malori, kazi ya mfanyabiashara mmoja wa kwetu tunayemwita Yaya Kapya; yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Walimu waliacha kuja, nasi tukaacha pia. Sasa, na mvi kidevuni, nasoma darasa la watu wazima, alasiri, watoto wakishatoka. Nataka cheti cha hisabati. Kwenye ghala la barafu kuna kazi ya mtu wa mizani, na hawamchukui asiye na cheti hicho. Mtu wa mizani anafanya kazi ameketi.

Sina sababu nzuri kuliko hiyo. Nataka kuketi.

Mwalimu wetu, Ba Chola (hilo "Ba" ni la heshima), ni mwanamke wa hapa hapa. Kiswahili anakijua kwa sababu mama yake alikuwa akivuka ziwa kwenda kuuza chumvi Kilwa, ile ya upande wa Kongo. Wiki hizi tunarudia takwimu, sehemu ambayo wengi huangukia. Alisema hatamwandikisha mtu mpaka amwone akishika data yake mwenyewe: aikusanye, aigawe katika makundi, atafute wastani na namba ya katikati, achore histogramu, kisha aseme kwa maneno yake data hiyo inatuambia nini.

Mimi nilichagua makobo, samaki wa ziwa hili. Watu wote hapa wanalalamika kwamba samaki siku hizi ni wadogo, nikataka kujua makobo wanaouzwa Nchelenge wana urefu gani hasa.

Jumamosi nilizunguka sokoni na utepe wa fundi cherehani. Bana Mutale, yaani Mama Mutale, muuzaji ninayembebea mara nyingi, alinicheka mbele ya wenzake.

"Weye Ba Congo! Unapima samaki, utamushonea kaputula?"

"Ni kazi ya masomo, mama."

"Basi mupime na kiuno. Lakini usinivurugie beseni!"

Sikuvuruga. Nilipima wa juu, beseni baada ya beseni, kwa adabu.

Jumapili baada ya ibada nilikaa na hesabu. Kosa langu siku zote lilikuwa kuchukua mwanzo wa kundi. Samaki wakiwa kati ya sentimita ishirini na ishirini na tano, mimi nazidisha kwa ishirini, kama vile wote wamesimama mlangoni. Safari hii nilichukua katikati ya kila kundi, nikazidisha kwa idadi yake, nikajumlisha, nikagawanya kwa samaki wote. Wastani ukaja. Namba ya katikati, ile unayoipata ukiwapanga wote kwa ukubwa, ikaja karibu kabisa na wastani. Nguzo za histogramu zikasimama pamoja upande wa kulia kama watu waliojipanga kupiga picha. Nikarudia hesabu yote, ikatoka vile vile.

Sijawahi kuipenda karatasi kiasi hicho.

Leo Ba Chola aliisoma, akainua kichwa.

"Hesabu iko sawa. Hawa samaki ulibapimia wapi?"

"Ku soko, madamu."

"Ndani ya beseni?"

"Ndiyo."

"Ba juu ao ba chini?"

Darasa likacheka kabla sijajibu. Mvuvi mmoja wa Kafutuma, anayekaa dawati la nyuma, akapiga meza. "Ba Congo amepima mulango, ku nyumba hakuingia!"

Kila mtu wa kando ya ziwa hili anajua beseni linavyopangwa. Wadogo chini, wakubwa juu, vichwa nje, macho yakimtazama mnunuzi. Hakuna anayeuita wizi. Mnunuzi naye anajua, ndiyo maana anabishana na kudai mbasela, yule samaki wa nyongeza. Na anayepanga ni mimi! Nikipewa beseni, mikono yangu inatenganisha wakubwa na wadogo bila kuniuliza. Lakini niliposhika utepe nikawa kama mgeni aliyeshuka kwenye basi asubuhi hiyo. Nilipima kile kilichowekwa ili nikione.

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia Ba Chola kwamba mtihani hauulizi habari za mabeseni. Nadhani uso wangu ulisema, maana alijibu. Mtihani unauliza, alisema. Wanakupa data na kutaka ueleze kama sampuli inafaa, na mtu anayejua kuzidisha tu anakwama hapo.

"Kesho, mbele ya saa sita, uniletee ingine," akamaliza. "Nikishapeleka majina, nimepeleka."

Njiani nilipita kwa Bana Mutale nikamweleza. Alicheka tena, lakini kidogo.

"Kuja asubuhi, boti zikifika, kabla sijapanga. Banamwanga samaki bote pa turubai. Utabaona hata bale tunaficha."

Tatizo ni kwamba kesho asubuhi lori la Yaya Kapya linakwenda Puta, na mpakiaji ni mimi. Nikampigia simu.

"Yaya, kesho asubuhi sitakuwako. Niko na kazi ya masomo."

"Masomo na hii miaka yako? Camion inaenda Puta!"

"Najua, yaya."

"Kama hauko, nakamata mungine. Na kama iko na nguvu, atabakia."

"Nimesikia."

Hakuwa anatania. Vijana wenye migongo mizima wako wengi ufukweni, na yeye ana biashara ya kuendesha. Ningekuwa yeye, ningesema vivyo hivyo.

Nimekaa nje ya chumba changu, bado kuna mwanga wa kutosha kuandika. Niseme ukweli: saa moja iliyopita nilianza kubuni namba. Niliona ni rahisi. Wadogo wengi, wakubwa wachache, nani asiyejua? Ba Chola angeikubali karatasi hiyo, na mimi ningepanda lori kwenda Puta na kubaki na kazi yangu.

Nilichora makundi. Nikaweka nguzo ya kwanza. Kwenye ya pili mkono ukasimama.

Si kwamba dhamiri ilinishika. Sikujua tu iwe ndefu kiasi gani. Je, wadogo ni nusu ya samaki wote? Ni zaidi? Miaka yote hii nimewabeba samaki wa Mweru kichwani na begani, na swali hilo dogo sina jibu lake. Kilichonisumbua si aibu ya darasani. Nilitaka kujua.

Kwa hiyo naenda. Upepo ukiamka na kuzuia boti, nitakuwa nimekosa lori na jina pamoja, na sitakuwa na wa kumlaumu. Zikifika, nitaanza na samaki wa kwanza atakayeanguka kwenye turubai, awe mkubwa awe mdogo, halafu yule anayemfuata.