Siku Majina ya Ruzuku Yaliposomwa

Nyumbani, nyuma ya kituo cha maziwa
Jumapili, baada ya kukamua

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua bado kinakusumbua, au baridi imeanza kukuhurumia? Shemeji na wanangu wazima? Sisi tunapumua, tunashukuru. Magoti ya mama yanauma lakini mdomo ni mzima: juzi kamuuliza daktari wa mifugo kama ile sindano ya ng'ombe haiwezi kumfaa na yeye.

Mvua imekuwa ya kudokoa dokoa. Majani haba, pumba zimepanda bei, na maziwa tunauza bei ile ile.

Sasa nikwambie linaloninyima raha. Tangu niketi kuandika nimeinuka mara kadhaa kuchungulia njiani, na wala hakuna ninayemngoja.

Unaijua ile ruzuku ya serikali kwa wafugaji wa maziwa. Kila mwaka inatoka, na kila mwaka wengi wetu tunaambiwa fungu limekwisha. Limekwishia kwa nani, hatujui. Katika mkutano wa ushirika nikachoka, nikasimama nikamwambia afisa mifugo mpya, "Pesa ni ya umma, basi na majina yawe ya umma. Yasomwe hapa, sote tukisikia." Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akanung'unika kwamba mambo ya mtu ni siri yake. Afisa akasema sheria inaruhusu, atayaleta.

Jumatano akayaleta, akayasoma kwa sauti. Langu halikuwamo, na hilo nililitarajia. Lililonikata maini ni la baba mdogo. Ruzuku ya ng'ombe wanane, mwaka baada ya mwaka.

Ng'ombe wanane! Wewe na mimi tunajua wa mwisho alimuuza kabla hujasafiri. Lile banda siku hizi linalala pikipiki. Kumbe nilikuwa nafuata nyayo za fisi, na nyayo zinaingia kwetu.

Afisa akauliza, "Kuna mwenye la kusema?" Mdogo wangu, huyu ndiye aliyetulea baba alipotutoka, aliyekubeba mgongoni hadi zahanati. Ningeweza kutazama viatu vyangu. Lakini mbele yangu alikaa yule jirani yetu mjane, aliyeuza ng'ombe wake wawili kwa kukosa chakula cha kuwapa. Nikasema, "Baba mdogo hana ng'ombe." Hata sauti sikuitambua kuwa yangu.

Hakubisha. Akachukua kofia yake, akatoka.

Baada ya hapo wenye mabanda matupu wakaibuka wengine. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekuwa akithibitisha mifugo, amesimamishwa. Walionufaika wametakiwa kurudisha. Mjane ameandikishwa. Wapo wanaoniita jasiri, wapo walionibandika jina la Mla Wake, yaani anayekula ndugu zake mwenyewe. Mama mdogo tukikutana anavuka barabara. Mama yeye kasema mara moja tu, "Ukweli umeusema, lakini ungenipitia kwanza." Neno hilo linanitembea kichwani mchana kutwa, nashika ndoo naiacha, naanza kufagia nasahau.

Leo asubuhi baba mdogo akaja bandani nikikamua. Nikajua amekuja kunilaani, nikaendelea kukamua hata bila kumwamkia.

"Mwenyekiti aliniambia ni jina tu, hakuna atakayeumia," akasema. "Nikataka kuamini. Nitauza pikipiki nilipe."

"Baba, mimi..."

"Kamua, mwanangu. Maziwa yatachelewa."

Nilipomaliza akainua debe la maziwa lililojaa, akaliweka begani, akashika njia ya kituoni, saa ambayo ushirika mzima umepanga foleni pale. Nami nyuma yake. Watu wakatupisha. Akalitua mezani, akamwambia mpokeaji, "Ya binti yangu. Pima vizuri."

Ukimpigia simu, usimlaumu. Msalimie tu.

Shemeji mpe salamu zangu, wanangu wabusu mmoja mmoja. Mama anakuombea, na shangazi pia. Mungu akulinde ugenini, akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.